Swali la Akili Timamu: Kukata Tamaa na Kujiua katika Historia ya Nchi ya Mpanda

Mtu anapokufa kwa mkono wake mwenyewe, swali la kwanza katika baraza la wazee wa kanisa mara nyingi huwa ni hili: Je, marehemu alikuwa na akili timamu? Likijibiwa kwamba alikuwa mgonjwa wa akili, mioyo hulegea. Kengele hulia, kwaya huimba, na mchungaji huvaa kanzu yake. Likijibiwa kwamba alikuwa mzima, yamkini familia itaachiwa jeneza lao, na mwinjilisti ataombwa aseme neno fupi nyumbani bila vazi. Katika makala hii hatukusudii kuwalaumu wazee, ambao huuliza hivyo kwa kutafuta mlango wa huruma. Twataka kuonyesha kwamba swali lenyewe lina historia yake, kwamba halikuzaliwa hapa kwetu, na kwamba historia ya Mpanda na nchi zilizo kandokando ya Ziwa Tanganyika yatulazimisha kuuliza jambo jingine kabla ya hilo.

Agano la Kale na Agano Jipya husimulia habari za watu waliojiua pasipo kutoa hukumu ya namna tuliyoizoea. Sauli aliangukia upanga wake akiwa ameshindwa vitani, naye mchukua silaha wake akafanya vivyo hivyo (1 Samweli 31). Watu wa Yabesh-Gileadi walitembea usiku kucha kuutwaa mwili wake, wakaizika mifupa na kufunga siku saba. Ahithofeli, mshauri mwenye hekima kuliko wote wa zama zake, alipoona shauri lake halikufuatwa, alikwenda mjini kwake, akaitengeneza nyumba yake, akafa. Naye akazikwa katika kaburi la baba yake (2 Samweli 17). Msomaji na auone utaratibu ule. Mtu aliyeweka mambo ya nyumba yake sawa kabla ya kufa hawezi kuitwa kichaa kwa urahisi. Alikuwa amepoteza nafasi yake kwa mfalme, tena alijua kwamba Daudi akirudi hatamwacha hai.

Ukali ulikuja baadaye. Agostino, katika kitabu cha kwanza cha Mji wa Mungu, alibishana na waliosifu kujiua kwa ajili ya heshima, akaiweka amri ya sita juu ya nafsi ya mtu mwenyewe pia (ndiyo amri ya tano kwa hesabu ya Katekisimo yetu). Katika karne ya 6 mtaguso wa Braga, kule Ureno ya leo, uliwanyima waliojiua kumbukumbu ya ibada na zaburi za mazishi. Huko Uingereza sheria iligawanya vifo hivyo mafungu mawili: aliyejiua kwa akili yake alikuwa mhalifu, mali yake ikachukuliwa na mwili wake ukazikwa njia panda, aliyejiua kwa wazimu hakuwa na hatia. Desturi ya njia panda ilikomeshwa kwa sheria ya mwaka 1823 tu. Lakini zamani za kabla ya hapo mabaraza ya uchunguzi yalikuwa yamekwisha kujifunza hila ya huruma: ili kuiokoa familia, walitangaza wazimu hata pale ambapo hapakuwa na wazimu. Hivyo ugonjwa wa akili ukawa cheti cha kuzikwa. Kitabu cha Sala cha Waanglikana cha mwaka 1662 kilikataza ibada ya mazishi kwa waliojiua, na desturi kama hiyo ilikuwako katika makanisa mengine ya Ulaya yaliyotuma wamisionari Afrika. Waingereza walipoitawala Tanganyika walileta pia sheria yao: jaribio la kujiua likawa kosa la jinai, na likabaki hivyo katika Kanuni ya Adhabu iliyoanza kutumika mwaka 1945. Uingereza yenyewe iliifuta sheria hiyo kwao mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru, lakini sisi tulibaki nayo.

Kwa habari ya Luther, hapana budi kusema ukweli wote. Katika mazungumzo yake ya mezani ya mwaka 1532 alisema kwamba hawezi kukubali kuwa wote waliojiua wamepotea kwa hakika. Aliwafananisha na msafiri aliyeuawa na mnyang'anyi msituni, maana hawakutaka kufa bali walishindwa na nguvu ya Shetani. Neno hilo hupendwa kunukuliwa na walimu wa theolojia. Lisilonukuliwa mara nyingi ni kwamba palepale aliongeza kuwa jambo hilo lisifundishwe ovyo kwa watu wote, na kwamba desturi kali za mazishi ya namna hiyo ziendelee. Huruma ilikuwa ya mwana theolojia, na ukali ukaachiwa mwili wa marehemu na jamaa zake. Kwa maoni yetu hapo Mwanamatengenezo huyo aliishia nusu ya njia.

Basi tuitazame nchi yetu. Katika karne ya 19 njia za misafara ya watumwa na pembe za ndovu zilitoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, zikavuka ziwa na kwenda Tabora hadi pwani. David Livingstone, akiwa Manyema mwanzoni mwa miaka ya 1870, aliandika habari ya ugonjwa aliouita wa ajabu kuliko yote aliyoyaona katika nchi hizi. Uliwapata watu waliozaliwa huru wakatekwa na kufanywa watumwa. Mateka wa msafara wa Syde bin Habib walistahimili minyororo mpaka walipouvuka mto Lualaba na kuona maji yale mapana yamewatenga na makwao. Ndipo wakaanza kufa. Wanane kati yao, pamoja na wengine wengi waliokuwa bado wamefungwa, walikufa katika siku tatu. Walipoulizwa wanaumwa wapi, waliweka mkono juu ya moyo. Livingstone alitaja pia watoto waliotembea kwa ushupavu wa kushangaza, hata msafara ulipopita karibu na kijiji na wakasikia ngoma na watu wakicheza. Wakakumbuka nyumbani, wakalia kwa kwikwi, na muda si mrefu wakafa.

Hao hawakujiua kwa maana ya sheria. Lakini wanatufundisha jambo ambalo mahakama haina jina lake. Hawakuwa wagonjwa kabla ya kuvuka mto. Kilichowapata kilikuwa nje yao: kukatwa na watu wao, na kujua kwamba hakuna kurudi. Kiswahili chetu kina neno lililo sawasawa na lile aliloliandika Livingstone kwa lugha yake, yaani kuvunjika moyo, nasi twalitumia kwa wepesi mno, hata kwa timu ya mpira iliyofungwa bao moja.

Ng'ambo hii ya ziwa, Karema ilianza mwaka 1879 kama kituo cha Wabelgiji, ikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe mwaka 1885. Waliokombolewa kutoka misafara walikaa hapo. Mwaka 1889 alifika mganga katekista Adrien Atiman, mzaliwa wa nchi za mto Niger, ambaye mwenyewe alitekwa na kuuzwa utotoni, akakombolewa, kisha akasomeshwa utabibu kisiwani Malta. Alikuwa amekatwa na kwao kama wale wa Lualaba, tena mbali zaidi. Hata hivyo aliishi Karema akitibu watu mpaka alipokufa mwaka 1956. Sisi Walutheri hatuna sababu ya kuona haya kujifunza kwake. Alioa, akafanya kazi, akahitajiwa na watu; akawa na kwao pengine. Huenda hiyo ndiyo tofauti kubwa kati yake na wale wanane.

Upande wa pili wa historia yetu ni ule wa heshima. Mwezi wa Januari mwaka 1893, majeshi ya Wajerumani chini ya Tom von Prince yalipoivunja ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe karibu na Tabora, Isike aliilipua ghala yake ya baruti naye akiwa ndani. Wajerumani walimkuta bado ana uhai, wakamnyonga. Miaka mitano baadaye, tarehe 19 Julai 1898, Mkwawa wa Wahehe, aliyewindwa kwa miaka minne tangu kuanguka kwa Kalenga na kuwekewa zawadi ya rupia 5,000, alijiua kuliko kukamatwa. Kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, kikarudishwa Kalenga mwaka 1954. Watoto shuleni hufundishwa majina hayo mawili kwa fahari. Nani amepata kuuliza kama Mkwawa alikuwa na akili timamu? Hakuna, kwa sababu kila mtu anaijua sababu yake.

Hapa twaona upungufu wa swali letu. Kwa mtemi twatazama mazingira: vita, kushindwa, fedheha ya kamba shingoni. Kwa mkulima wa tumbaku aliyekufa juma lililopita twatazama kichwa chake tu. Hatusemi kwamba kifo cha mtemi kisifiwe. Kinyume chake, masimulizi yanayofundisha kwamba kifo hurudisha heshima iliyopotea yana sumu ndani yake, na kijana aliyeaibishwa anaweza kuyasikia kwa namna ambayo mwalimu hakukusudia. Twasema tu kwamba heshima iliyovunjika ni nguvu ya kweli katika kifo cha mtu mdogo kama ilivyokuwa katika kifo cha mtu mkubwa.

Mwaka 1897, mwaka mmoja kabla ya kifo cha Mkwawa, Mfaransa Émile Durkheim alichapisha kitabu chake juu ya kujiua. Alidai kwamba idadi ya wanaojiua katika nchi haielezwi kwa wazimu, bali kwa jinsi watu walivyofungamana au kutofungamana na jamii yao. Msomaji wa jarida hili atapenda kujua kwamba Durkheim aliona Waprotestanti wakijiua kuliko Wakatoliki, akasema ni kwa sababu kanisa lao huwaacha peke yao na dhamiri zao. Wataalamu wamebishana sana juu ya hesabu zake, nasi hatutaki kulikubali shtaka hilo zima. Lakini mchungaji hapotezi kitu akilifikiria usiku mmoja kabla ya kulala.

Mwaka 1960 Paul Bohannan alitoa kitabu cha tafiti juu ya mauaji na kujiua katika Afrika, nyingi zikiwa za Uganda na Kenya: Wasoga, Wagisu, Wanyoro, Waalur, Waluhya, Wajaluo. Sababu zilizotajwa humo na wanakijiji wenyewe na kumbukumbu za mahakama zilikuwa ugomvi wa mume na mke, aibu, maradhi ya mwili yasiyopona, kufiwa. Wazimu ulikuwapo, lakini ulikuwa sababu moja kati ya nyingi. Jamii nyingi kati ya hizo zilikihesabu kifo cha namna hiyo kuwa kibaya; mwili haukuliliwa kama wengine, na ndugu waliogopa kuambukizwa msiba. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba ukali wote ulitoka Ulaya. Uliotoka huko ulikutana na hofu iliyokuwako hapa, na vyote viwili vikakaa pamoja katika vikao vya wazee.

Karne ya 20 iliiongezea nchi ya Mpanda uhamisho juu ya uhamisho. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza iliwakusanya watu wa magharibi ya Tanganyika katika makazi mapya kwa sababu ya malale. Wakaacha mashamba na makaburi ya wazee wao. Kisha yakaja machimbo ya risasi ya Mpanda, na reli ya kutoka Kaliua iliyofika mwaka 1950. Wafanyakazi walikuja kutoka mbali. Machimbo yakafungwa mwaka 1960, na wengi wakabaki pasipo kazi katika mji uliojengwa kwa ajili ya kazi hiyo. Miaka michache baadaye, mnamo 1963 na 1964, Ufipa iliyo jirani ilikumbwa na Kamchape, harakati ya kuwafichua wachawi ambayo Roy Willis aliichunguza na kuiandika. Jina hilo bado linajulikana katika pande zetu. Mzee, hasa mwanamke mjane, akishatajwa mbele ya kijiji, haponi kwa kunyamaza wala kwa kujitetea. Majirani humkwepa kisimani, na watoto wake mwenyewe huanza kuhesabu misiba yao kwa jina lake. Hapo hakuna ugonjwa wa akili wowote, ila moyo unaweza kufika mahali palepale pa mateka wa Lualaba pasipo kuvuka mto.

Wakimbizi ni habari inayolihusu kanisa letu moja kwa moja. Baada ya mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, maelfu kwa maelfu waliingia Tanzania, wakawekwa katika makazi ya Katumba, Ulyankulu, na tangu mwaka 1978 Mishamo. Shirika lililoyajenga makazi hayo pamoja na serikali na Umoja wa Mataifa lilikuwa TCRS, huduma ya Kikristo kwa wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya Shirikisho la Kilutheri Duniani. Barabara, visima na zahanati vilijengwa kwa bidii inayostahili kukumbukwa. Hata hivyo mtaalamu Liisa Malkki, aliyeishi Mishamo katikati ya miaka ya 1980, alikuta watu ambao mazungumzo yao yote yalirudi kwenye nchi waliyoipoteza. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba wapatao 162,000 wamekubaliwa uraia, lakini kwa sharti la kuhama makazi yale na kutawanywa mikoa mingine. Zoezi hilo likasimama, na vyeti havikuanza kugawiwa mpaka mwaka 2014, waliporuhusiwa kubaki. Kwa miaka minne mtu hakujua kama apande mti wa matunda au afunge mizigo. Hakuwa wa Burundi tena, na Tanzania ilikuwa bado haijampokea. Visima tulivichimba vema, lakini maji hayakuwa kiu pekee ya wale watu.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 watu 727,000 walijiua ulimwenguni, na kwamba asilimia 73 ya vifo vya namna hiyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 ni sababu ya tatu ya vifo. Shirika hilo halikatai kwamba sonona na ulevi ni sababu kubwa, nasi hatukatai. Mwenye sonona apelekwe hospitali, asiombewe tu. Lakini shirika hilohilo lasema kwamba wengi hujiua kwa ghafla, katika saa ya dhiki, kwa deni, kwa kuvunjika kwa ndoa, kwa maumivu ya mwili yasiyokoma, nao ambao jamii huwabagua, wakiwamo wakimbizi na wafungwa, wamo hatarini zaidi. Dalili kubwa kuliko zote ni kwamba mtu alikwisha kujaribu hapo kabla.

Yote hayo yana sura za hapa. Mkulima wa tumbaku wa Mpanda huchukua pembejeo kwa mkopo kupitia chama chake cha msingi, na bei ikianguka deni halianguki pamoja nayo. Mchimba dhahabu mdogo hukopa ili achimbe, kisha hukopa ili arudi nyumbani asionekane mikono mitupu. Tena karibu kila nyumba ya mkulima ina dawa ya kuulia wadudu, nayo mara nyingi hukaa chini ya kitanda. Sri Lanka ilipopiga marufuku sumu kali za mashambani kuanzia miaka ya 1990, vifo vya kujiua vilipungua katika miaka iliyofuata kwa zaidi ya nusu, ijapokuwa vita vya wenyewe kwa wenyewe viliendelea mpaka mwaka 2009. Saa ya dhiki hupita, mradi mtu asikute kifo karibu na mkono wake. Mzee wa mtaa anayewashauri majirani kuweka sumu za shamba katika ghala lenye kufuli amefanya kazi ya uchungaji, hata kama hakutaja andiko.

Limebaki jambo lililo chungu kulisema katika jarida la chuo cha theolojia. Miongoni mwa mambo yanayomwaibisha kijana wa Kikristo ni kanisa lenyewe. Msichana aliyepata mimba, anayetajwa jina mbele ya usharika na kutengwa na Meza ya Bwana huku kijana aliyehusika akikaa kwaya, amewekwa hadharani kama mwanamke aliyetajwa na Kamchape. Nidhamu ya kanisa ina haki yake, na hatuombi ifutwe. Twasema kwamba barua ya kutengwa ikipelekwa na mtu asiyerudi tena nyumbani mwa msichana huyo juma lile, kanisa limechukua hatari ambayo halina ruhusa ya kuichukua. Na arudi, tena amwulize kwa neno lililo wazi kama amewaza kufa. Wengi huogopa kwamba kuuliza hivyo ni kumpa mtu wazo. Uzoefu wa matabibu ni kwamba sivyo, na aliyelibeba wazo hilo peke yake hupata nafuu anapoulizwa.

Mwezi wa Januari mwaka 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba sheria inayolifanya jaribio la kujiua kuwa kosa inakwenda kinyume cha katiba ya nchi hiyo. Sheria ya namna hiyo humfanya mtu aliyeokolewa amwogope mganga na polisi, na familia iseme kwamba alikunywa kwa bahati mbaya. Mchungaji naye huambiwa uongo huohuo, kisha hukosa la kufanya. Kanisa linaweza kuwa na neno bungeni juu ya jambo hili, kama lilivyokuwa na neno juu ya mambo madogo kuliko hili.

Katika Matendo ya Mitume 16 yuko mlinzi wa gereza la Filipi. Aliona milango imefunguka, akachomoa upanga. Hakuwa na wazimu. Chini ya sheria ya Kirumi askari aliyepoteza wafungwa alilipa kwa uhai wake mwenyewe, naye alikuwa amekwisha kuihesabu hasara na fedheha yake. Paulo hakumwuliza juu ya akili yake wala hakumhubiria kwanza juu ya amri. Alipaza sauti gizani kumwambia asijidhuru, kwa maana wafungwa wote walikuwapo. Habari ile iliiondoa sababu yenyewe iliyokuwa mkononi mwake. Mlinzi akaitisha taa. Usiku uleule aliwaosha majeraha, akabatizwa na watu wake wote, akawaandalia chakula nyumbani mwake.